Kukasimu Madaraka: Kugawa Kazi Bila Kuukimbia Wajibu

Katika wilaya kama Muheza, ambako waamini huishi kuanzia mashamba ya michungwa hadi miteremko ya Amani, mvua za masika zaweza kumtenga paroko na kigango kwa siku kadhaa. Je, katika siku hizo wagonjwa watatembelewa? Marehemu atazikwa kwa sala za Kanisa? Jibu hutegemea jinsi kazi zilivyogawanywa kabla ya mvua kunyesha.

Yethro alimkuta Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni (Kut 18:13-27). Hakumsifu kwa bidii hiyo. Alimwonya kwamba angejichosha yeye mwenyewe na watu pia. Mara nyingi tunaisahau sehemu hii ya pili: kiongozi anayeshika kila kitu huwaumiza wanaomngojea mlangoni.

Yethro alishauri wachaguliwe watu wachaji, waaminifu, wenye kuchukia rushwa. Mashauri madogo wayaamue wenyewe, yaliyo magumu wamletee Musa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunampa mwenyekiti wa jumuiya kazi, lakini tunamnyima uwezo wa kuamua. Anayelazimika kuomba ruhusa kwa kila jambo amefanywa tarishi, si kiongozi.

Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi chini ya AMECEA mwaka 1976 waliufanya ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Jumuiya haiwezi kukomaa iwapo kila uamuzi wake hungoja nyumba ya mapadre.

Hata hivyo, kukasimu si kutelekeza. Sheria ya Kanisa inadai kila parokia iwe na halmashauri ya mambo ya uchumi ya kumsaidia paroko (kanoni 537), lakini paroko hubaki na wajibu wa kuhakikisha kwamba mali ya parokia inasimamiwa vema (kanoni 532). Vilevile, katekista aweza kufundisha na kuongoza sala za mazishi. Kitubio na Mpako wa Wagonjwa havikasimiwi kwake.

Basi, umpapo mtu kazi, mweleze mambo manne: matokeo yanayotarajiwa, mipaka ya uamuzi wake, fedha au vifaa alivyo navyo, na siku ya kutoa taarifa. Kisha mwache afanye. Akikosea, msahihishe faraghani. Ukimpokonya kazi mbele ya watu, kesho hakuna atakayeipokea.