Beringi za Tela: Chuma Kidogo Chenye Kubeba Dhamana Kubwa

Mizigo mingi iingiayo Uganda kutoka ng'ambo hupitia bandari ya Mombasa, kisha husafirishwa kwa barabara ya Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi mpakani Malaba. Mpaka Kampala, safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 1,100. Barabara huanzia usawa wa bahari, hupanda nyanda zilizo juu ya mita 2,500, kisha huteremka tena. Dawa za hospitali, mbolea na vyuma vya ujenzi husafiri juu ya magurudumu ya matela, na magurudumu hayo huzunguka juu ya vyuma vidogo ambavyo wananchi wengi hawajapata kuviona. Vyuma hivyo ni beringi.

Ndani ya kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, mna beringi mbili: moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Aghalabu huwa ni za rola zenye ncha moja nene na nyingine nyembamba. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi wa beringi za namna hiyo mwaka 1898. Umbo lake huziwezesha kuhimili uzito utokao juu, pamoja na msukumo wa ubavuni gari linapokata kona.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari huruhusu ekseli tatu za tela zilizokaribiana kubeba tani 24. Maana yake ni kwamba kila upande wa ekseli hubeba tani 4. Gurudumu la lori huzunguka kiasi cha mara 300 katika kilomita moja. Basi toka Mombasa hadi Kampala huzunguka zaidi ya mara 300,000. Muda wote huo, kinachozuia chuma kisisagane na chuma ni utando mwembamba wa grisi.

Hatari kubwa ni kwamba tela liko mbali na masikio ya dereva. Beringi yaweza kunguruma nyuma kwa kilomita nyingi bila yeye kujua. Ikikauka hupata joto kali, rola hugeuka rangi ya buluu, hukwama na kuikwangua ekseli. Mwisho wake huwa moto unaoshika tairi na kuteketeza shehena, au gurudumu zima kuchomoka na kubiringika kuelekea waendao kwa miguu. Hapo anayeumia si mwenye tela peke yake.

Kinga yake haina miujiza. Kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, tela halina budi kuinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi imara. Fundi alitikise gurudumu juu na chini, kisha alizungushe na kusikiliza. Habu ikifunguliwa, beringi zioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa safi. Zisizungushwe kwa upepo wa kompresa, maana rola zaweza kuruka na kumjeruhi. Yenye mashimo, mikwaruzo au rangi ya kuungua itupwe pamoja na pete yake ya nje.

Grisi mpya isukumwe kwa kiganja kutoka upande mpana wa beringi mpaka itokeze upande wa pili. Kuijaza habu tele ni kosa, kwa kuwa grisi iliyozidi huongeza joto na kuisukuma sili. Kadhalika, grisi za aina mbalimbali zisichanganywe. Sili iwe mpya daima, kwani ndiyo izuiayo maji na vumbi. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa kidogo, ibaki nafasi isiyozidi sana unene wa karatasi. Mwisho hutiwa pini mpya. Ile ya zamani isirudishwe.

Safarini, dereva na utingo wake wakisimama, wazipitie habu zote kwa kusogeza mgongo wa mkono karibu bila kugusa. Ile yenye joto kupita wenzake imekwisha kutoa taarifa.

Lakini dereva hawezi kuyatimiza haya ikiwa mwenye gari humhimiza arudi Mombasa mara tu mzigo unapoteremshwa. Siku moja ya tela kukaa gereji huonekana hasara. Kumbe ni sehemu ya nauli ya mzigo. Kopo la grisi, sili na pini ni gharama ndogo mno mbele ya shehena iliyoungua, sembuse maisha ya mtoto aliyekuwa akivuka barabara. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye matela, shime!