Rangi Inayoiva kwa Moto

Mwaka 1948 kiwanda cha Vincent, mjini Stevenage, Uingereza, kilitoa pikipiki ya Black Shadow. Injini yake ya cc 998 ilipakwa rangi nyeusi tititi, kisha ikaokwa kwenye tanuri. Rangi ile ya kiwandani sasa ni sehemu ya historia, ndiyo maana palipobambuka sioni haki ya kukwangua injini nzima. Tia kiraka.

Rangi ya kawaida haitafaa. Gundi yake ni minyororo ya kaboni, na joto likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi minyororo hiyo huanza kukatika. Rangi hukakamaa na kubanduka. Rangi ya kuhimili joto hushikwa na minyororo ya silikoni na oksijeni, ambayo kuivunja kunahitaji nishati kubwa zaidi.

Ugumu uko kwenye maandalizi. Aluminiamu ya kusubu ina vitundu vidogo vinavyoficha mafuta, nayo hujitokeza joto likipanda na kuisukuma rangi mpya. Piga msasa kingo za kiraka mpaka ukipitisha ukucha usikwame popote. Osha kwa tina, iache ikauke kabisa, pasha sehemu hiyo moto kidogo ili mafuta yatoke, halafu ifute tena.

Paka nyembamba, hasa katikati ya mapezi ya silinda. Rangi hupitisha joto kwa shida, mara mia kadhaa chini ya aluminiamu, kwa hiyo tabaka nene ni blanketi. Weusi husaidia injini kutoa mionzi ya joto, ni kweli, lakini pikipiki iliyo mwendoni hupozwa zaidi na upepo.

Wengi huharibu kazi mwishoni. Rangi nyingi za aina hii zikikauka huwa bado hazijaiva. Zinahitaji joto la kama nyuzi 200 ili molekuli zishikamane. Kichwa cha silinda kinaweza kukaribia hapo kwa kuwasha injini na kuiacha ipoe, mara kadhaa. Kifuniko cha klachi hakifiki joto hilo. Kifungue, kioke kwenye tanuri ambayo haitapikiwa tena chakula, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Usiruke hatua hii: rangi isiyoiva hulainika na kufutika kwa tone moja la petroli.