Alama za Akili na Umri wa Mtoto

Sisi wa kidato cha nne tumejifunza kutafuta wastani, na wengi wetu twadhani kazi yake ni kujibu mtihani tu. Napenda kuwaeleza wasomaji kazi yake nyingine, nayo ni katika kupima akili za watoto. Jambo hili limepata kuingia katika ukoo wetu, ndiyo maana nikalifuatia.

Mtoto wa miaka sita akiweza maswali 20, na wa miaka kumi akaweza maswali hayo hayo 20, je, wako sawa? Hata asiyesoma atasema la, kwa kuwa yule mdogo bado anakua. Basi idadi ya majibu peke yake haisemi neno mpaka ilinganishwe na ya wenzake wa rika moja.

Walioanza kazi hii ni Wafaransa wawili, Alfred Binet na Théodore Simon, mjini Paris, mwaka 1905. Walitakiwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa pekee shuleni. Mwaka 1908 waliyapanga maswali kwa umri: haya huwezwa na wengi wa miaka mitano, yale na wengi wa miaka saba, na kadhalika. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alisema umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani akatumia hesabu hiyo na kuzidisha jibu kwa 100. Hivyo mtoto wa miaka 8 ajibuye kama wa miaka 10 hupata 125. Hesabu hii ni nyepesi, lakini mtu wa miaka 40 hajibu maradufu ya mtu wa miaka 20. Kwa hesabu hiyo kila mzee angeonekana mjinga, na wazee wetu wa Ruangwa wasingekubali hata kidogo!

Mwaka 1939 David Wechsler, huko New York, alitumia njia ambayo ndiyo inayofuatwa hata leo. Maswali hupewa kwanza kundi kubwa la watu wa kila umri. Kwa kila rika hutafutwa wastani, kisha hutazamwa alama zimetawanyika kiasi gani kutoka wastani huo. Wastani wa rika huitwa 100, na hatua moja ya mtawanyiko huhesabiwa 15. Kwa hiyo karibu theluthi mbili ya watu huwa kati ya 85 na 115. Majedwali ya watoto hupangwa kwa miezi michache michache, maana mtoto mdogo hubadilika upesi.

Sasa nieleze yaliyotupata. Mwezi wa Agosti 2025 mtoto wa mama yangu mdogo, wa darasa la kwanza kijijini Ruangwa, alipimwa na wageni waliokuja na picha za kupanga. Yeye ana mwili mkubwa, na mtu fulani alikuwa amemwandika miaka 8. Majibu yakaonyesha kuwa ni mzito mno, ikasemwa atolewe darasani apelekwe shule ya mbali. Mama mdogo alilia. Mimi nilipofika kutoka Nachingwea wakati wa likizo nilimwuliza bibi. Akasema, “Mjukuu wangu, kaka yake ndiye aliyezaliwa mwaka ule mbunge wetu alipofanywa Waziri Mkuu. Huyu alizaliwa msimu wa wanajeshi kubeba korosho.” Bwana Kassim Majaliwa aliteuliwa Novemba 2015, na jeshi liliamriwa kukusanya korosho Novemba 2018. Kadi ya kliniki ilipotolewa sandukuni ikakubaliana na bibi: miaka 6 na miezi 9.

Tazameni tofauti yake kwa hesabu za mfano. Tuseme mtoto ameweza maswali 21. Ikiwa wastani wa miaka 8 ni 28, na hatua ya mtawanyiko ni 5, amepungukiwa 7, yaani hatua 1.4; mara 15 ni 21, naye hupata 79. Ikiwa wastani wa rika lake la kweli ni 20, amezidi kwa 1, naye hupata 103. Wageni walipoletewa kadi walibadili jedwali tu, wala hawakugusa jibu hata moja, na mtoto akabaki darasani mwake.

Zamani wazee wetu walipoandikishwa shule walipitisha mkono juu ya kichwa ili kushika sikio la upande wa pili. Kipimo hicho hakifai kabisa kwa majedwali ya miezi!

Jedwali nalo lina mahali pake na mwaka wake. Huko Kilifi, Kenya, watafiti wametengeneza vipimo kwa vitu ambavyo watoto wa huko huvijua. Na huko Embu watoto wa vijijini walipimwa mwaka 1984, kisha wengine wa rika lile lile mwaka 1998, na hao wa pili waliwashinda wa kwanza kwa mbali. Mtoto wa kawaida wa 1998 akilinganishwa na wale wa 1984 angehesabiwa mwenye akili nyingi sana. Na wa 1984, akilinganishwa na wa 1998, angeandikwa mzito.