Kubeba Baiskeli kwa Gari Dogo

Baadhi ya wanaozuru Hell's Gate, Naivasha, huenda na baiskeli zao. Kabla ya kununua keria, mwenye gari asome kitabu cha gari ajue uzito unaoruhusiwa: baiskeli mbili za kilo 15 kila moja, pamoja na keria, hupita kilo 30.

Keria ya nyuma ni rahisi kupakia. Ndoano zake zishike kingo za chuma za buti, si kioo wala plastiki. Baiskeli zisifiche nambari ya usajili wala taa. Keria ya juu huacha nyuma wazi, lakini dereva ajihadhari na maegesho yenye paa la chini.

Baada ya kilomita chache, dereva asimame akaze mikanda upya. Baiskeli ikianguka, atakayeumia ni mwendesha bodaboda aliye nyuma.