Tone la Maji kama Ushahidi: Misingi ya Kupima Uwezo wa Kinga ya Rangi ya Gari Dhidi ya Maji na Uchafu

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kupima uwezo wa kinga ya rangi ya gari kuzuia maji na uchafu. Hoja yake kuu ni kwamba matone ya duara yanayoonekana juu ya gari lililopakwa kinga ni ushahidi wa sifa moja tu, ilhali madai yanayotolewa kuhusu kinga hizo yanahusu sifa nne tofauti: kutolowana, kuteleza kwa maji, kutoshika uchafu na kudumu. Kila sifa inahitaji kipimo chake. Makala inaeleza misingi ya kifizikia ya sifa hizo, makosa yanayojitokeza katika upimaji wake, na muundo wa jaribio unaoweza kutetewa mbele ya watahini.

1.0 Utangulizi

Katika makala hii, istilahi kinga ya rangi inarejelea utando mwembamba unaopakwa juu ya vanishi angavu ya gari kwa lengo la kuitenga na maji, vumbi, mafuta na miale ya jua. Kwa upande wa kemia, kinga hizi zinaweza kugawanywa katika makundi makuu matatu. La kwanza ni nta, hususani nta ya karnauba inayotokana na majani ya mnazi-pori wa Brazili, Copernicia prunifera. La pili ni polima za kutengenezwa kiwandani, ambazo nyingi zina silikoni. La tatu ni zile zinazouzwa kwa jina la kinga za kauri, ambazo hukauka na kuacha utando mgumu wenye silika.

Pamoja na tofauti hizo, makundi yote matatu hunadiwa kwa picha ileile: maji yanamwagwa juu ya boneti, yanajikusanya kuwa matone ya duara, na mtazamaji anaambiwa kuwa rangi sasa imekingwa na gari halitashika uchafu. Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni la kimantiki kabla ya kuwa la kimaabara. Hitimisho ni pana kuliko ushahidi. Mteja analipia usafi na uimara, lakini alichoonyeshwa ni umbo la tone. Mtafiti naye akirudia picha hiyo kwa vifaa vya gharama kubwa zaidi bila kutenganisha sifa zinazohusika, atakuwa amerudia kosa lilelile.

2.0 Kulowana na Pembe Mguso

Tone linapotua juu ya uso mgumu, ukingo wake hufanya pembe na uso huo. Pembe hii, inayopimwa kupitia ndani ya maji, ndiyo inayoitwa pembe mguso. Thomas Young alieleza mwaka 1805 kwamba ukubwa wake unatokana na mizani ya nguvu tatu: mvutano wa uso wa kimiminika, nishati ya uso wa kitu kigumu, na nishati ya mpaka baina ya viwili hivyo. Pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, maji hutandaa na uso huhesabiwa kuwa unalowana. Ikizidi nyuzi 90, maji hujikunja na uso huhesabiwa kuwa unakataa maji.

Nyuso laini zilizopakwa nta au silikoni huwa na pembe ya takribani nyuzi 100 hadi 110. Hata kemikali zenye florini, ambazo zina nishati ndogo sana ya uso, hazivuki sana nyuzi 120 zinapokuwa juu ya uso laini. Ili kufikia nyuzi 150 na zaidi, kemia peke yake haitoshi. Sharti uso uwe na mikwaruzo au vinundu vidogo mno. Wenzel (1936) alionyesha namna ukwaruzo unavyobadili pembe mguso, na Cassie na Baxter (1944) wakaeleza hali ambapo hewa hunaswa chini ya tone, nalo likabaki limekalia ncha za vinundu.

Mfano wa hali hii hauko mbali. Yeyote aliyepita kwenye shamba la magimbi baada ya mvua ameona matone yakibingirika juu ya majani bila kuacha alama. Barthlott na Neinhuis (1997) walichunguza majani ya mimea ya aina hiyo, likiwemo jani la yungiyungi takatifu, na kueleza kuwa vinundu vyenye nta juu ya jani ndivyo vinavyofanya uchafu uchukuliwe na matone. Hata hivyo, vanishi ya gari inathaminiwa kwa ulaini na mng'ao wake. Vinundu vikubwa vya kutosha kutawanya mwanga vingeufifisha mng'ao huo, na vile vidogo zaidi huvunjika kwa kusuguliwa kwa kitambaa. Kwa sababu hiyo, kinga ya kawaida ya gari si jani la gimbi, na kuifananisha nalo katika maelezo ya utafiti ni kukuza jambo.

3.0 Kuteleza Si Kujikunja

Sifa ya pili ni wepesi wa maji kuondoka. Watafiti wengi wachanga huichanganya na ile ya kwanza. Tone linapoanza kuteleza, ukingo wake wa mbele na ule wa nyuma huwa na pembe tofauti. Kadiri tofauti hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo tone linavyong'ang'ania uso. Furmidge (1962) aliweka uhusiano huu katika mlinganyo: nguvu inayolivuta tone chini ya mteremko hulingana na zao la mvutano wa uso, upana wa tone, na tofauti ya kosini za pembe hizo mbili.

Tuchukue nyuso mbili za kubuni ili kuona maana yake. Uso wa kwanza una pembe ya mbele ya nyuzi 105 na ya nyuma nyuzi 95. Uso wa pili una pembe ya mbele ya nyuzi 110 na ya nyuma nyuzi 75. Juu ya kila uso tunaweka tone la maji la mikrolita 20, na kwa kurahisisha hesabu tunachukua upana wa milimita 4 kwa matone yote mawili. Mvutano wa uso wa maji katika nyuzijoto 20 za Selsiasi ni takribani milinyutoni 72.8 kwa mita. Tukikokotoa, tone la uso wa kwanza litaanza kuteleza mteremko ukifika takribani nyuzi 15, ilhali lile la uso wa pili litasubiri hadi takribani nyuzi 63.

Anayeangalia tone lililotulia atausifu uso wa pili kwa sababu tone lake limejikunja zaidi. Lakini juu ya boneti na paa la gari, ambazo zina mteremko mdogo, uso huo ndio utakaobaki na maji. Maji yaliyobaki hukauka na kuacha chumvi za kalisi na magnesi yalizobeba. Kwa gari linalooshwa kwa maji ya visima yenye chumvi, kama yale ya baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, kila tone lililokauka juani ni doa. Hivyo, kujikunja bila kuteleza kunaweza kuongeza madoa badala ya kuyapunguza.

4.0 Uchafu Haufuati Kanuni ya Maji

Sifa ya tatu ni kutoshika uchafu. Vumbi kavu hushika uso kwa nguvu za mvutano baina ya molekuli na kwa chaji ya umeme tuli, si kwa kulowana. Mafuta ya barabarani nayo yana mvutano wa uso mdogo sana kuliko wa maji, hivyo hutandaa juu ya utando wa silikoni ambao umeyakataa maji. Kwa maneno mengine, uso unaweza kukataa maji na wakati huohuo ukayapokea mafuta, na mafuta hayo yakawa gundi ya vumbi linalofuata.

Upo pia ushahidi kutoka upande wa pili. Mwaka uleule wa 1997, Wang na wenzake walieleza kuwa uso wenye titani dioksidi, ukipigwa na miale ya urujuanimno, hulowana kabisa na maji hutandaa juu yake kama utando. Kanuni hiyo hutumika katika vioo vya madirisha vinavyojisafisha. Yaani maji yanaweza kusafisha kwa kubingirika na yanaweza kusafisha kwa kutandaa. Tone la duara, kwa hiyo, si sharti la usafi wala si uthibitisho wake.

Katika kupima uchafu, inashauriwa kutumia vumbi la majaribio lenye ukubwa wa chembe unaojulikana, kama lile lililoainishwa katika kiwango cha ISO 12103-1, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Hata hivyo, vumbi hilo kwa sehemu kubwa ni silika, ilhali vumbi jekundu la barabara zetu nyingi za udongo lina oksidi za chuma. Mtafiti anayetaka kusema lolote kuhusu mazingira ya Tanzania anapaswa kutumia aina zote mbili na kupima rangi katika mhimili wa wekundu pia, si katika mhimili wa weupe na weusi pekee.

Uchambuzi wa data nao una mtego wake. Tuseme kibati kimoja kilibadilika rangi kwa vizio 12 baada ya kuchafuliwa na kikabaki na vizio 3 baada ya kusuuzwa. Uwiano wa uchafu uliobaki ni 0.25. Kibati kingine kilibadilika kwa vizio 4 tu na kikabaki na 2. Uwiano wake ni 0.5. Kwa uwiano, cha kwanza ni bora. Kwa macho, cha pili ndicho kisafi zaidi, tangu mwanzo hadi mwisho. Hivyo, ni lazima thamani zote zitolewe, kwa kuwa uwiano peke yake unaiadhibu kinga iliyozuia uchafu usitue.

5.0 Kudumu na Ushahidi wa Uongo

Sifa ya nne ni uimara. Kwa kawaida hupimwa kwa kurudia kuosha, kuanika kwenye miale ya urujuanimno na kusugua, kisha kupima upya sifa tatu zilizotangulia. Kuna makosa mawili yanayokwenda pande tofauti. La kwanza ni kutangaza kuwa kinga imekufa ilhali imefunikwa tu. Tabaka la vumbi na mafuta huzuia maji kugusa utando. Mara nyingi uso ukioshwa vizuri, matone hurudi. Mabaki ya sabuni nayo hupunguza mvutano wa uso wa maji na kuyafanya yatandae. La pili ni kutangaza kuwa kinga iko hai ilhali imekwisha. Baadhi ya sabuni za magari zina nta au silikoni, nazo huacha utando wao wenyewe unaokunja matone. Kwa hiyo sabuni ya jaribio iwe isiyo na viongezi hivyo, na kila kibati kisuuzwe kwa maji yaliyotolewa madini kabla ya kupimwa.

6.0 Muundo wa Jaribio Unaopendekezwa

Kwanza, vitumike vibati vya chuma vilivyopakwa rangi na vanishi ileile kwa siku moja, na nusu ya kila kibati iachwe bila kinga. Pili, uso usafishwe kwa alkoholi ya isopropili ili kuondoa mafuta na polishi, na kinga iachwe ikauke kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji. Tatu, upande unaopakwa kinga uchaguliwe kwa kura, na anayepima asijue ni upi. Nne, zipimwe pembe ya mbele, pembe ya nyuma na pembe ya kuteleza, pamoja na mng'ao kwa kufuata ISO 2813 na rangi kabla na baada ya kuchafuliwa.

Tano, na hili ndilo linaloangusha tasnifu nyingi za kimajaribio, kizio cha uchambuzi ni kibati, si tone. Matone 10 juu ya kila kimoja cha vibati 5 hayampi mtafiti sampuli 50. Yanampa sampuli 5 zilizopimwa kwa umakini. Matone ya kibati kimoja yanashiriki upakaji mmoja, mkono mmoja na kosa moja.

7.0 Hitimisho

Lugha ya kila siku ina kitenzi kimoja kinachobeba mambo haya yote: kinga inazuia. Katika mazungumzo ya sehemu ya kuoshea magari kitenzi hicho kinatosha. Katika utafiti hakitoshi, kwa sababu kinaruhusu kipimo cha sifa moja kilipie madai ya sifa nne. Makala hii inapendekeza kwamba kila dai liandikwe kwa kitenzi chake: uso haulowani, maji yanateleza, uchafu haushiki, utando unadumu. Kisha mtahini aulize, mbele ya kila sentensi ya matokeo, ni kipimo kipi kinachoibeba. Pale ambapo jibu pekee ni picha ya tone la duara, dai linalothibitika ni la kwanza tu, na matatu yaliyobaki bado hayajajaribiwa.