Virunga: Mbwa anayefuata majangili naye hufikia siku ya kustaafu

Mwezi wa Machi 2012, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, ulipatikana mzoga wa tembo. Pembe zake zilikuwa zimekatwa na wauaji walikuwa wameshaondoka. Zamani uchunguzi ungeishia hapo. Safari hii mbwa waliletwa. Walinusa mahali hapo, kisha wakawaongoza walinzi kilomita 7 hadi kijiji kidogo cha wavuvi. Baadaye walinzi walikutana na watu walioshukiwa, risasi zikalia, na watu hao wakakimbia wakiacha silaha zao.

Hiyo ilikuwa moja ya kazi za kwanza za kikosi cha mbwa cha Virunga, kilichoanzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Makao yao yaliwekwa Rumangabo, katika eneo la Rutshuru.

Mbwa hao wenye masikio marefu ni wa aina ya Saint-Hubert. Pua yao ina uwezo ambao binadamu hana: wanaweza kufuata harufu ya mtu mmoja kati ya watu wengi, hata ikiwa amepita tangu jana. Udongo wenye unyevu huwasaidia, lakini jua kali huwachosha haraka.

Mafunzo huanza mbwa akiwa bado mdogo, kama mchezo wa kujificha. Mtu anajificha, mtoto wa mbwa anamtafuta, akimpata anapewa chakula na sifa. Polepole njia inakuwa ndefu zaidi. Akishakomaa, mbwa anajua kwamba akivalishwa mkanda wake wa kifuani, kazi imeanza. Nyuma yake yuko mlinzi anayeshika kamba na kusoma kila mwendo wake: kichwa kikiinuka au mkia ukibadilika, mlinzi anaelewa.

Kazi hiyo ina hatari. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa Virunga kwa miaka mingi. Mbwa anatembea mbele ya kamba, akielekea kwa watu wenye bunduki bila kujua bunduki ni nini. Tena kuna joto, miiba, nyoka, na mbung'o wanaoleta ugonjwa wa malale.

Na muda wenyewe ni mfupi. Saint-Hubert wengi huishi miaka 7 hadi 10 tu. Viungo vinaanza kuuma, pumzi inapungua, na mlinzi anayemfahamu ndiye wa kwanza kuona. Kumlazimisha kuendelea ni kumtesa mnyama na kuwaweka watu hatarini, kwani mbwa aliyechoka anaweza kupoteza njia.

Katika vikosi vingi duniani, mbwa mstaafu huchukuliwa na mtu aliyefanya kazi naye, akaishi nyumbani kwake hadi mwisho. Bado anahitaji chakula, dawa na daktari, ingawa hakamati tena mtu yeyote.

Kwa kikosi, kila anayestaafu anaacha pengo ambalo halizibwi kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana, mzee akipumzika kivulini, lazima awepo mtoto wa mbwa ambaye tayari ameanza kujifunza mchezo uleule wa kumtafuta aliyejificha.