Ujasiri wa kufuata wito: Funzo kutoka Mkuza na Pugu

MIONGONI mwa maswali yanayowaumiza vichwa vijana wengi wa Picha ya Ndege na vitongoji vingine vya mji wa Kibaha, mkoani Pwani, ni lile la kuchagua kati ya kazi yenye uhakika wa riziki na shughuli ambayo moyo unaiona kuwa ndiyo wito wake. Wapo wanaodamka alfajiri kuwahi vibarua Dar es Salaam huku wakitamani kuwa mafundi, walimu, wanamichezo au wakulima. Kila mwaka husema wataanza mwakani.

Wengi hudhani wanaothubutu huzaliwa bila woga. Hata hivyo, historia ya watu wawili walioacha alama katika ukanda huu inaonyesha kuwa ujasiri hujengwa kidogo kidogo, na kwamba una gharama inayopaswa kufahamika mapema.

Wa kwanza ni Filbert Bayi, mwanariadha ambaye shule zenye jina lake zipo Mkuza, mjini Kibaha. Februari 2, 1974, akiwa na umri wa miaka 20, Bayi alishinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa ikishikiliwa na Jim Ryun wa Marekani tangu mwaka 1967.

Kilichoushangaza ulimwengu ni namna alivyokimbia. Mazoea ya wakati ule yalikuwa wakimbiaji kuviziana, kila mmoja akitunza nguvu za kuchomoka katika mzunguko wa mwisho. Bayi alitangulia tangu mwanzo, akaongoza hadi utepe, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza kwa karibu. Anayekimbia mbele hana wa kumkinga upepo wala wa kumpimia mwendo, na akichoka wote humwona.

Ujasiri huo haukuzuka siku moja. Mwaka 1972 Bayi alishiriki Michezo ya Olimpiki mjini Munich, Ujerumani, na hakufika fainali. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Nigeria, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa aliyekuwa akiogopwa na wengi. Hivyo alipofika Christchurch alikuwa amekwishaonja kushindwa na kushinda, na alijua mwili wake unaweza kuhimili nini.

Mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu nayo huja. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, Kanada, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya makaburu. Pambano la Bayi na Walker lililosubiriwa kwa hamu likapotea, na Walker akatwaa dhahabu. Bayi hakukata tamaa. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Mfano wa pili unapatikana Pugu, kwenye njia ya kwenda Kisarawe. Katika shule ya Mtakatifu Francis, sasa Sekondari ya Pugu, alifundisha Julius Nyerere aliyerejea nchini mwaka 1952 akiwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kwa Mwafrika wa enzi za ukoloni, kazi ile ilikuwa na heshima na mshahara wa uhakika. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa, naye akawa Rais wake.

Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akajiuzulu mwezi huo huo, akiwa na mke na familia changa. Kwa miezi kadhaa aliishi kwao, akijipatia kipato kwa kuwafundisha wamisionari lugha ya Kizanaki na kufanya tafsiri, kabla ya kurejea Dar es Salaam kukijenga chama. Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Mifano hiyo ina mafunzo matatu. Kwanza, jaribu kwa kipimo kidogo kabla ya kujitosa. Nyerere aliongoza chama akiwa bado darasani, na Bayi alijipima Lagos kabla ya Christchurch. Pili, fahamu kitakacholisha familia wakati wa mpito, hata kama ni kazi ndogo kuliko uliyoiacha, na nyumbani wajulishwe mapema. Tatu, kubali kwamba unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado fursa ikapotea.

Si kila anayethubutu atavunja rekodi au kuongoza taifa. Kijana wa Picha ya Ndege anayetaka kuwa fundi anaweza kuanza na saa mbili za jioni katika karakana ya jirani. Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame.